Carey hakuiba, mpira ulikuwa hai

Kwenye viwanja vya Goma, iwe Katindo, iwe Ndosho, mtoto hufundishwa jambo moja hata kabla hajajua kupiga pasi: cheza mpaka filimbi. Beki akiinua mkono kudai hors-jeu (kuotea), akasimama, mshambuliaji akampita na kufunga, wa kwanza kumfokea ni wenzake mwenyewe: "Arbitre hajapiga, mupira inaendelea!" Mshambuliaji haitwi mwizi. Anayetukanwa ni beki, kwa sababu amelala.

Tarehe 2 Julai 2023, kwenye kiwanja cha Lord's huko London, lilitokea jambo la ukoo huohuo katika kriketi: Alex Carey wa Australia alimtoa Jonny Bairstow wa Uingereza, aliyekuwa amedhani mpira umekufa, na nusu ya Uingereza ikalala na hasira. Waziri mkuu wao wa wakati huo, Rishi Sunak, akatoa maoni. Waziri mkuu wa Australia, Anthony Albanese, akamjibu. Wazee wa klabu ya MCC, wenye kiwanja na ambao ndio watunzaji wa sheria za kriketi duniani, waliwazomea wachezaji wa Australia ndani ya jengo lao la heshima, hadi klabu ikaomba radhi na kuwasimamisha wanachama watatu. Yote hayo kwa sababu ya mpira mmoja uliorushwa mita chache.

Walioizoea soka tu wanauliza: kama sheria iko wazi, kelele za nini? Na wenye kuipenda kriketi hujibu kwa neno zito, "roho ya mchezo", kana kwamba neno hilo linamaliza kesi. Halimalizi. Ukifungua sheria zenyewe utakuta kwamba hiyo roho imeshapewa nafasi ndani yake, tena nafasi yenye masharti.

Tuanze na mstari, maana bila mstari hakuna kesi. Wiketi mbili za kriketi husimama zikitazamana, umbali wa mita 20.12, na wapigaji wawili wa timu moja hukimbia kati yao kutafuta mikimbio, yaani pointi. Kila wiketi ni nguzo tatu zenye urefu wa sentimita 71.1, na juu yake vinalazwa vijiti viwili vifupi, beili. Mbele ya kila wiketi, mita 1.22, unachorwa mstari wa chokaa. Nyuma ya mstari huo mpigaji yuko nyumbani kwake. Akiwa mbele yake, na mpira uko hai, na upande unaorusha ukaangusha beili kwa mpira, ametoka.

Hapa wengi wanakosea jambo moja dogo: nyumba ya mpigaji haianzi kwenye chokaa, inaanzia ukingo wa nyuma wa chokaa. Mguu au ubao wa kupigia ukiwa juu ya mstari, bila hata sentimita moja kugusa chini kwa nyuma, mpigaji yuko nje. Februari 2016, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19, Zimbabwe ilihitaji mikimbio 3 katika ova ya mwisho, yaani mipira sita, ili kuwafunga West Indies, imebakiwa na wiketi moja: mpigaji mmoja zaidi akitolewa, imekwisha. Keemo Paul alikuja kana kwamba anarusha, akasimama, akaangusha beili za upande wake. Ubao wa Richard Ngarava ulikuwa juu ya chokaa, si nyuma yake. Zimbabwe ikakosa robo fainali, na West Indies ikaendelea mpaka ikatwaa kombe.

Sasa Lord's. Uingereza ilikuwa inafukuzia mikimbio 371. Ilikuwa imefika 193, wiketi 5 zimeshaanguka, Ben Stokes upande mmoja na Jonny Bairstow upande mwingine akiwa na mikimbio 10. Cameron Green akarusha mpira mfupi unaopaa, wa mwisho katika ova ile. Bairstow akainama, mpira ukampita juu, ukadakwa na mlinda wiketi Alex Carey. Bairstow akakwaruza chini kwa mguu nyuma ya mstari, kama mtu anayesema "nimemaliza", kisha akatoka kwenda katikati kuzungumza na Stokes. Lakini Carey hakuushika mpira akakaa nao. Alipoudaka tu aliurusha chini kwa chini, ukagonga nguzo, beili zikaanguka, Bairstow yuko matembezini. Waamuzi wa uwanjani wakapeleka suala kwa mwamuzi wa televisheni, Marais Erasmus, naye akasema: ametoka.

Sheria inayohusika ni ya 20, ya mpira uliokufa. Mpira hufa kwa njia kadhaa: ukivuka mpaka, mpigaji akitolewa, ukikwama kwenye nguo ya mpigaji, na kadhalika. Mbili ndizo za kesi hii. Ya kwanza, mpira umetulia kabisa mikononi mwa mlinda wiketi au mrushaji. Ya pili, ni wazi kwa mwamuzi wa upande wa mrushaji kwamba wanaorusha pamoja na wapigaji wote wawili wameacha kuuhesabu kuwa mchezoni. Soma tena hiyo "pamoja". Mpigaji peke yake hawezi kuuua mpira. Anaweza kukwaruza ardhi mpaka achimbe kisima. Upande wa pili ukiwa bado unacheza, mpira uko hai. Na kama umetulia au haujatulia, anayeamua ni mwamuzi, si mpigaji, si mashabiki.

Mpira uliodakwa na kurushwa papo hapo haujatulia popote. Ingekuwa Carey ameushika, akashusha mikono, akapiga hatua mbili kuelekea kwa wenzake, halafu ndipo akakumbuka kwamba Bairstow yuko nje, ningekuwa upande wa Waingereza, na mwamuzi naye angekuwa na haki ya kusema mpira ulishakufa. Sekunde mbili zinabadilisha kesi nzima. Ndiyo maana mtu anayebishana kuhusu tukio hili bila kuangalia mikono ya Carey anapoteza muda wake.

Tena haikuwa bahati. Nahodha Pat Cummins alieleza baadaye kwamba Carey alikuwa ameshaona tabia ya Bairstow ya kutoka mapema mipira kadhaa kabla. Kwa baadhi ya watu, hilo ndilo linalozidisha kosa: walimvizia. Kwangu linalipunguza. Mlinda wiketi anayeona mpigaji ana desturi ya kutoka nyumbani bila kuaga, kisha akajaribu, anafanya kazi yake. Bairstow mwenyewe ni mlinda wiketi, na katika mechi hiyohiyo alishajaribu kuzirushia nguzo za Marnus Labuschagne kwa mtindo uleule. Fundi hawezi kudai hajui msumeno unakata.

Halafu kuna kocha wa Uingereza, Brendon McCullum, aliyesema baada ya mechi kwamba haoni wakinywa bia na Waaustralia hivi karibuni. McCullum huyohuyo, Desemba 2006 mjini Christchurch, akiwa mlinda wiketi wa New Zealand, alimtoa Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka. Kumar Sangakkara alikuwa amekimbia mkimbio wa kumfikisha 100; Muralitharan akagusa nyumbani, akageuka kwenda kumpongeza mwenzake, na mpira ukiwa unarudi kutoka mbali McCullum akaupokea na kuangusha beili. Sangakkara akabaki na 100 zake, mwenzake wa mwisho ametoka. Kisheria hakuna doa: mpira ulikuwa bado njiani. Miaka kumi baadaye, mwaka 2016, McCullum alisimama Lord's kutoa mhadhara wa kila mwaka kuhusu roho ya kriketi, na akaomba radhi kwa tukio lile.

Mimi sioni unafiki mkubwa hapo kama wanavyouona Waaustralia. Mtu anaruhusiwa kubadilika. Ila kubadilika kwake hakuwezi kuwa deni la Carey.

Sasa ile nafasi ya roho ya mchezo niliyoisema. Sheria ya 31 inaanza na jambo la ajabu kwa mtu wa soka: mwamuzi wa kriketi hamtoi mpigaji, hata kama ametoka waziwazi kisheria, mpaka upande unaorusha udai. Zile kelele unazosikia, wote wanageuka kwa mwamuzi mikono juu, si furaha tu. Ni dai, na bila dai hakuna hukumu. Mpigaji mwenyewe anaweza kuondoka akijua ametoka, hilo linaruhusiwa. Lakini mwamuzi hafungui mdomo bila kuulizwa.

Mwisho wa sheria hiyohiyo kuna kifungu kingine: nahodha wa upande unaorusha anaweza kuliondoa dai, kwa ridhaa ya mwamuzi, kabla mpira unaofuata haujaanza kuchezwa. Mwamuzi akikubali, hukumu inafutwa, mpigaji anaitwa arudi. Kwa hiyo huruma ya kriketi ina kifungu chake, ina muda wake wa mwisho, na ina mtu mmoja aliyepewa ufunguo. Cummins alikuwa na ufunguo huo mfukoni pale Lord's. Hakuutumia. Stokes alisema yeye asingetaka kushinda kwa namna ile. Wote wawili walikuwa ndani ya sheria, na hapo ndipo ubishi ulipaswa kuishia: nahodha mmoja angesamehe, mwingine hakusamehe. Stokes akarudi kazini, akapiga mikimbio 155, akavusha mpira juu ya kamba ya mpaka mara 9, na bado Uingereza ikafungwa kwa mikimbio 43.

Ufunguo umetumika mara nyingine. Februari 1980 mjini Bombay, nahodha wa India Gundappa Viswanath alimrudisha Bob Taylor wa Uingereza baada ya mwamuzi kumtoa kimakosa, kwa sababu wao wenyewe waliona hakugusa mpira. India ikafungwa kwa wiketi 10. Julai 2011 pale Trent Bridge, Ian Bell akiwa na 137 alidhani mpira uliopigwa na mwenzake Eoin Morgan umevuka kamba. Ulikuwa haujavuka. Akaanza kutembea kwenda mapumziko ya chai, Wahindi wakaangusha beili, akatolewa. Wakati wa chai, nahodha Andrew Strauss na kocha Andy Flower walikwenda mlangoni kwa Wahindi kuuliza kama watafikiri upya. Mahendra Singh Dhoni akaliondoa dai. Bell akarudi akafikisha 159, India ikafungwa vibaya sana, mikimbio 319. Dhoni akapewa tuzo ya mwaka ya roho ya kriketi, na baadaye ile ya muongo mzima.

Angalia tofauti ya Viswanath na Dhoni, maana wengi huwachanganya. Taylor hakuwa ametoka. Hukumu ilikuwa mbovu na nahodha akairekebisha. Bell alikuwa ametoka kihalali, kwa uzembe wake. Alichofanya Viswanath ni haki, alichofanya Dhoni ni zawadi. Na zawadi haidaiwi. Ukishaanza kumlaumu Cummins kwa kutotoa zawadi, umeigeuza kuwa kodi.

Yupo nahodha ninayemlaumu bila kusita: Paul Collingwood, Juni 2008, kiwanja cha Oval. Grant Elliott wa New Zealand alikuwa anakimbia, Ryan Sidebottom akiwa anaukimbilia mpira akamgonga, Elliott akaanguka chini akishika mguu, na Waingereza wakaangusha beili. Mwamuzi Mark Benson alifanya kila alichoweza: alimuuliza Collingwood, unashikilia dai lako? Yaani alimfungulia mlango na kumshikia. Collingwood akashikilia. New Zealand ilishinda hata hivyo, wiketi ya mwisho, mpira wa mwisho, na Collingwood akaomba radhi baadaye. Bairstow alilala mwenyewe, Elliott aliangushwa. Kuwaweka kapu moja ni kumdharau aliyeangushwa.

Kundi la tatu ni la wanaoiba hatua, na hapa msimamo wangu ni mkali zaidi. Mpigaji anayesimama kwenye wiketi ya mrushaji, asiyepokea mpira, hupenda kuanza kutembea kabla mpira haujaachiwa. Akipata mita moja au moja na nusu katika mita zile 17 na ushee za kukimbia kati ya mstari na mstari, mkimbio mgumu unakuwa rahisi. Dawa yake ni mrushaji kusimama na kuangusha beili za upande wake. Vinoo Mankad wa India alimfanyia hivyo Bill Brown mjini Sydney Desemba 1947, na tangu hapo jina lake likageuzwa kuwa tusi la tendo hilo, wakati aliyekuwa anaiba hatua ni Brown. Kwa miaka mingi tendo hilo lilikaa kwenye sheria ya uchezaji usio wa haki, kana kwamba mrushaji ndiye mshtakiwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 MCC imelihamishia sheria ya 38, pamoja na kutolewa kwingine kwa kukimbia. Siku chache kabla ya hapo, Septemba 24, Deepti Sharma wa India alikuwa amemtoa Charlie Dean wa Uingereza kwa njia hiyo palepale Lord's, Dean akiwa na 47, India ikashinda kwa mikimbio 16. Wahindi walisema walishamwonya. Heather Knight wa Uingereza akakanusha. Ubishi wa bure: sheria haidai onyo lolote.

Kwa sisi wa upande huu wa Afrika mfano bora si Lord's, ni Botswana. Septemba 2021, katika mashindano ya wanawake ya kufuzu Kombe la Dunia, Maeva Douma wa Cameroon, msichana wa miaka 16, aliwatoa wachezaji wanne wa Uganda kwa njia hiyo katika mechi moja. Wanne! Cameroon ilikuwa timu changa kabisa, na Uganda ilishinda kwa mikimbio 155. Watu wengi walimcheka Douma. Swali la kuwauliza ni hili: wa kwanza alikosa habari, sawa, wa pili, wa tatu na wa nne walikuwa wanafanya nini nje ya mstari?

Mbinu yenyewe inahitaji utaratibu, na wanaojaribu bila kuijua hukosea. Mrushaji lazima awe ameanza kukimbia, mpira uko mkononi. Lazima asimame kabla mkono haujafika juu kabisa, pale ambapo kwa kawaida angeuachia mpira. Januari 2023, kwenye ligi ya Australia, Adam Zampa aliangusha beili za Tom Rogers akiwa ameshapitisha mkono juu. Mwamuzi akakataa, na MCC ikatoa ufafanuzi kwamba alikuwa sahihi kukataa. Kosa la pili ni kuangusha beili kwa mkono mtupu wakati mpira uko mkono mwingine: haihesabiwi. Ukitumia mkono, ni mkono ulioshika mpira. Unaweza pia kuzirushia nguzo.

Kwa mpigaji kinga ni rahisi hadi aibu. Ushike ubao kwa mkono unaokuwezesha kumtazama mrushaji, si kumpa mgongo. Acha ncha ya ubao iburuze chini nyuma ya chokaa mpaka uone mpira umeachia vidole. Macho yakiwa kwa mwenzako upande wa pili, umeshachelewa.

Courtney Walsh wa West Indies anatajwa kila mara katika mjadala huu. Mwaka 1987 mjini Lahore, Kombe la Dunia, angeweza kumtoa Saleem Jaffar, mpigaji wa mwisho wa Pakistan aliyekuwa ametoka mapema. Alisimama, akamwonya, akarudi kurusha. Pakistan ikashinda kwa wiketi moja na West Indies haikufika nusu fainali. Ni tendo zuri, nalivulia kofia. Lakini lilikuwa zawadi nyingine, na waliolipa gharama yake ni wachezaji wenzake kumi.

Kuhusu Angelo Mathews sitakaa sana. Delhi, Novemba 6, 2023, alikuwa mchezaji wa kwanza wa kimataifa wa kiume kutolewa kwa kuchelewa kuwa tayari kupiga. Sheria ya 40 inatoa dakika 3. Kanuni za Kombe la Dunia zilitoa 2. Kamba ya kofia yake ilikatika, Shakib Al Hasan wa Bangladesh akadai, akatolewa. Mwamuzi wa nne, Adrian Holdstock, alieleza kwamba muda ulikuwa umekwisha hata kabla ya kamba. Mathews akaonyesha video akidai alikuwa na sekunde zimebaki. Kofia ni kinga ya kichwa, na hapa ningependa nahodha angeondoa dai. Waamuzi walimuuliza Shakib, akakataa. Haki yake. Ila fundisho la vitendo ni moja: kifaa kikiharibika, mwambie mwamuzi kwanza, kabla hujaashiria kwa wenzako walete kingine. Mathews alianza na kofia.

Wapo wanaosema sheria peke yake haitoshi, wakitoa ushahidi wa Februari 1, 1981, Melbourne. New Zealand ilihitaji mikimbio 6 kwa mpira wa mwisho ili tu kusawazisha. Nahodha Greg Chappell alimwamuru mdogo wake Trevor auviringishe mpira chini kama gololi, ili Brian McKechnie asiweze kuuinua. Mlinda wiketi wao wenyewe, Rod Marsh, alionekana akitikisa kichwa. Kisheria ilikuwa halali. Ni kweli, na ilikuwa aibu. Lakini tazama kilichofuata: kanuni zikabadilishwa na mtindo huo ukapigwa marufuku. Pale watu walipokubaliana kweli kwamba jambo ni chafu, waliliandika. Kutoka mapema kama Bairstow hakuna aliyeliandikia ulinzi, ingawa sheria zimefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo. Hata utangulizi wa roho ya kriketi, ulioongezwa mwaka 2000 kwa juhudi za Colin Cowdrey na Ted Dexter, unazungumzia kumheshimu mwamuzi, mpinzani na nahodha wako. Ukiusoma mara kumi hutakuta sentensi inayosema mpigaji anayetembeatembea aachwe.

Soka nayo inalo la namna hii. Mwaka 1999 Arsenal ilifunga Sheffield United baada ya mpira kutolewa nje kwa ajili ya majeruhi: Kanu Nwankwo, mgeni katika timu, akaukatiza mrusho uliokuwa unarudishwa kwa wapinzani na kumpasia Overmars. Bao halali. Arsène Wenger akapendekeza mechi irudiwe, ikarudiwa, wakashinda tena 2-1. Tofauti na Lord's ni kwamba pale kulikuwa na makubaliano: wapinzani walitoa mpira kwa hiari wakitarajia kurudishiwa. Bairstow hakuwa amekubaliana na mtu.

Kwa wanaotaka kucheza hapa mjini, ugomvi mwingi wa "roho ya mchezo" unazuilika kwa vifaa. Ardhi yetu ni makoro, mawe ya lava. Nguzo haziingii chini. Mwombe fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, akukatie miti mitatu ya mkaratusi, sentimita 71, na kipande cha ubao mzito chenye matundu matatu, upana wa nguzo zote pamoja usizidi sentimita 22.9. Ukizijengea saruji ndani ya kopo la rangi hazitaanguka kamwe, na hapo beili ndiyo shahidi wako pekee: zichonge nyepesi, urefu wa karibu sentimita 11. Upepo wa ziwani ukizisumbua, sheria ya 8 inaruhusu waamuzi kuzitoa kabisa, na wao ndio wanaamua kama wiketi imeguswa. Basi wajue hilo kabla ya kuanza.

Mpira rasmi, gramu 156 hadi 163, usiulete kwenye makoro. Ukigonga jiwe unapanda usoni. Tumia mpira wa tenisi uliozungushiwa skochi ya mafundi umeme, lakini isiwe nyeusi, maana kwenye vumbi letu jeusi hutauona. Nyekundu au nyeupe.

Manahodha wakutane kabla ya kurusha sarafu na wamalize mambo matatu mbele ya mwamuzi. Je, mpira unakufa lini mikononi mwa mlinda wiketi? Pendekezo langu: anaposhusha mikono au anapopiga hatua kuurudisha kwa mrushaji, na mwamuzi atamke "umekufa" kwa sauti. Je, anayeiba hatua anaonywa kwanza? Kwa wachezaji wapya, onyo moja kwa timu nzima, si kwa kila mtu, la sivyo utatoa onyo kumi na moja. Na je, nani anaweza kuondoa dai? Nahodha peke yake, kabla ya mpira unaofuata. Watu wakianza kupiga kelele kutoka pembeni, mwamuzi ana mtu mmoja tu wa kumsikiliza.

Na mstari. Chokaa juu ya lava inasagwa na viatu haraka, na kufikia ova ya tano au ya sita hakuna ajuaye ukingo wa nyuma uko wapi. Pigilia msumari wa saruji kila mwisho wa mstari, kichwa kiwe sawa na ardhi ili kisimkwaze mtu, uvute kamba kati ya misumari miwili, na uchore upya kila baada ya ova tano.